Kufunga spea kwenye Raleigh ya inchi 28: mwongozo kamili kwa anayefufua baiskeli ya zamani

Raleigh nyingi zilizotupwa uani hazikumalizwa na kutu. Zilimalizwa na spea mpya iliyofungwa kwa nguvu. Kikombe cha krenki (mkono unaobeba pedeli) chenye thredi tofauti kidogo kikakazwa kwa spana ndefu hadi kikaingia, thredi za fremu zikafutika, na tangu siku hiyo hakuna kikombe kinachokaa. Ekseli nene ikakataa kuingia kwenye foku, basi foku ikapigwa tupa. Madigadi ikagoma, tundu jipya likatobolewa kwenye fremu.

Ndiyo maana kazi yote iliyoelezwa hapa inakwenda kwa kanuni moja: ikibidi kitu kikatwe, kipigwe tupa au kigongwe, kiwe ni kile kipya. Ekseli ya mbele au kota pini, ile inayoshika krenki, utainunua tena kesho. Fremu ya mwaka 1955 ikiharibika, umeipoteza.

Nazungumzia baiskeli kubwa ya magurudumu ya inchi 28 yenye breki za vyuma (zinazovutwa kwa fito za chuma badala ya waya), ile ya Nottingham, Uingereza. Ina jamaa zake waliotengenezwa kwa mfano uleule: Hero na Atlas za India, Phoenix na Forever za China, na Swala yetu ya Tanzania. Kenya na Uganda wanaziita Black Mamba. Kwa kuwa zinafanana kwa macho, muuzaji atakwambia spea zake "zinaingiliana zote". Nyingi zinaingiliana kweli. Zisizoingiliana ndizo zinazoua fremu.

Jua kwanza una baiskeli gani

Usiamini beji. Beji ya Raleigh yenye kichwa cha korongo hung'olewa ikapachikwa penginepo, na rangi nyeusi yenye mistari ya dhahabu kila mtu anaipaka. Angalia vitu ambavyo watu hawana haraka ya kubadilisha: sproketi kubwa (gurudumu la meno la cheni) iliyochongwa umbo la korongo, namba iliyogongwa kwenye fremu karibu na kiti, na habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma. Kama habu ni ya gia tatu ya Sturmey-Archer, soma maandishi kwenye mwili wake. AW ni jina la muundo, ulioanza kutengenezwa 1936, na tarakimu zinazofuata ni mwaka na mwezi: 58 6 ni Juni 1958. Tarehe hiyo ni ya habu peke yake, maana gurudumu huhama baiskeli, lakini inakupa pa kuanzia.

Hili si suala la majivuno. Raleigh ya Nottingham ilikuwa na thredi zake yenyewe kwenye krenki na kwenye shingo (pale foku inapopita kwenye fremu): 26 kwa kila inchi. Watengenezaji wengine wengi walifuata 24. Ukijua mapema uko upande gani, umeokoa nusu ya hasara zinazowezekana.

Kwa vifaa, huhitaji karakana. Tafuta kalipa (kipimo cha unene, hata cha plastiki kinatosha), kipimo cha thredi, spana za pete, nyundo ya kilo moja, kipande kizito cha bomba la chuma, tupa bapa yenye meno laini, jiliwa kama unaweza kuazima, na sumaku ya kuokotea gololi. Nati za Raleigh zilipimwa kwa vipimo vya Kiingereza, kwa hiyo spana ya milimita mara nyingi inakaa kwa kulegea na kula kona. Spana malaya iliyobanwa vizuri ni afadhali kuliko ya milimita inayocheza, mradi taya zake ziwe bado zimenyooka.

Fremu kabla ya spea

Usinunue hata washa kabla hujaikagua fremu. Safisha kwa mafuta ya taa na tambara, kisha pitisha kidole chini ya bomba la mbele, pale linapokutana na shingo. Ukihisi uvimbe mdogo au rangi iliyokunjamana, baiskeli iligonga kitu siku moja. Angalia na mabega ya foku: ufa wa rangi ulio kama unywele huenda ni ufa wa chuma chini yake. Ukwangue uone. Foku yenye ufa haichomelewi na kurudishwa barabarani. Tafuta nyingine.

Kisha ipime kwa uzi wa mwashi. Funga uzi kwenye mdomo wa nyuma wa kushoto, pale gurudumu linapokaa, uvute mbele uzunguke shingo, urudi nyuma hadi mdomo wa kulia. Ukaze. Sasa pima umbali kutoka uzi hadi bomba la fremu linalobeba kiti, kushoto na kulia. Ukiwa sawa, au ukitofautiana milimita moja mbili, fremu imenyooka. Zaidi ya hapo inahitaji kunyooshwa na mtu anayeijua kazi hiyo kabla hujaendelea.

Kufungua bila kuvunja

Tia mafuta ya kulegezea kutu kwenye kila nati na uache yalale usiku mzima. Mchanganyiko wa dizeli na oili nyepesi unafanya kazi kwa anayengoja. Piga picha kila upande, hasa mpangilio wa vyuma vya breki na washa za ekseli, kwa sababu wiki tatu baadaye hutakumbuka.

Sehemu mbili zinafunguka kinyume: pedeli ya kushoto, na kikombe cha krenki cha upande wa kulia, upande wa cheni. Vyote viwili unafungua kwa kuzungusha kufuata mshale wa saa. Watu wameninginia kwenye spana wakikaza walichodhani wanafungua.

Usukani unashikwa na kabari ndani ya foku. Legeza bolti ya juu mizunguko minne hivi, usiitoe, kisha weka kipande cha mbao juu yake na ugonge mara moja kwa nguvu. Kabari inashuka, usukani unaachia. Bomba la kiti likiwa limeganda, usilipinde. Tia mafuta kwa juu, geuza fremu kichwa chini, utie na kwa ndani kupitia chini, subiri siku mbili, kisha zungusha kwa kutumia kiti chenyewe kama mkono.

Kila kundi la gololi liende kwenye kopo lake, na uhesabu. Hesabu ya zamani ni mwongozo tu, kwa maana fundi aliyetangulia huenda alitia pungufu.

Vikombe vya krenki

Hapa ndipo nakusihi uende polepole. Vikombe viwili vinaingia kwenye bomba fupi la chini la fremu, ekseli inapita katikati, gololi zinazunguka kati yao. Cha kulia hakirekebishwi, kinakazwa hadi mwisho. Cha kushoto ndicho kinachorekebishwa, kisha kinafungwa na ringi ya kukazia (si ile ya gurudumu).

Swali la kwanza ni kama unahitaji vikombe vipya kabisa. Safisha cha kulia kikiwa palepale kwenye fremu, mulika kwa tochi, kisha pitisha ncha ya kalamu ya wino polepole kwenye njia ya gololi. Mstari unaong'aa, wenye upana mmoja, ni wa kawaida. Ndiyo njia gololi zilipopita miaka yote. Kalamu ikiruka kwenye shimo, au ukiona magamba ya chuma yametoka, kikombe kimekwisha. Kikiwa kizima, kiache. Kikombe cha Nottingham kilichokaa miaka 60 kikiwa kizima kina chuma kigumu kuliko vingi vinavyouzwa leo kwenye mifuko ya nailoni. Badilisha gololi na, ikibidi, ekseli.

Ukilazimika kununua, nenda dukani na kikombe cha zamani mfukoni. Kishike pamoja na kipya ubavu kwa ubavu, thredi zikitazamana, uviinue mbele ya mwanga wa mlango. Thredi za 26 kwa 26 zinamezana na mwanga haupenyi popote. Za 26 kwa 24 zinakaa vizuri mwanzoni, kisha kuelekea mwisho utaona uwazi mwembamba unafunguka, jino la huku likiwa juu ya jino la kule badala ya kuingia katikati. Ukiona hivyo, rudisha. Muuzaji atasema kitakaa ukikikaza. Atakuwa anasema kweli, na hapo ndipo lilipo tatizo: kitakaa kwa kukata njia mpya ndani ya fremu yako.

Kipimo cha pili ni mkono. Kikombe sahihi, kikiwa na grisi, kinaingia kwa vidole mizunguko mitatu au minne kabla ya kuhitaji spana. Kikigoma kwenye mzunguko wa pili, toa, safisha thredi kwa brashi ya waya, jaribu tena. Kikigoma tena, si chake.

Ukikosa vikombe vya 26 dukani, nunua baiskeli mbovu ya chapa ileile, hata iliyopindika fremu, uichinje kwa ajili ya spea. Mara nyingi bei ya mzoga mzima haizidi sana bei ya spea mbili, na unabaki na akiba ya nati, koni (nati za ekseli zinazokaliwa na gololi) na vyuma vya breki ambavyo hakuna anayeviagiza.

Ekseli nayo ina urefu wake. Bomba la chini la Raleigh linaweza kuwa na upana wa milimita 71 au 76, kwa hiyo pima lako kabla ya kununua. Usilinganishe urefu wa jumla peke yake. Pima pia nafasi kati ya mabega mawili ambayo gololi hukalia. Ekseli ya urefu uleule yenye mabega yaliyosogea itaipeleka sproketi ndani ikwaruze fremu, au nje cheni ikae mshazari.

Kufunga: jaza grisi kikombe cha kulia, panga gololi 11 za robo inchi, ingiza ekseli ikiwa na upande mrefu kuelekea kulia, halafu kikombe cha kushoto na gololi zake 11. Kaza kwa mkono hadi mchezo uishe, kisha rudisha nyuma kidogo sana. Shikilia kikombe kisisogee wakati wa kukaza ringi, maana ringi hukivuta. Ekseli iliyorekebishwa vizuri inazunguka kwa vidole viwili bila kukwaruza na haichezi juu na chini. Ukihisi chembe chembe kama mchanga, imekazwa mno.

Kota pini

Ukisikia Raleigh inapiga "tak" kila pedeli inapopita chini, ni kota. Pini hii ndogo yenye ubavu mmoja uliochongwa mshazari ndiyo inayoshika krenki kwenye ekseli, na ndiyo spea inayofungwa vibaya kuliko zote.

Ya Raleigh ina kipenyo cha milimita 9.5. Zipo za milimita 9.0 pia, za baiskeli za mfumo wa Kifaransa, na kwenye boksi la duka zinachanganyika. Pima kwa kalipa. Ya 9.0 itaingia kwenye tundu la 9.5 bila ubishi, itaonekana imekaa, na baada ya wiki itakuwa imepindika na kuanza kula tundu la krenki. Pima pia ugumu kwa kupitisha tupa mara moja ubavuni. Tupa ikizama kama kwenye shaba, pini ni laini mno, tafuta nyingine. Usione haya kununua sita ili upate mbili nzuri.

Pini mpya hairuhusiwi kugongwa ilivyotoka dukani. Iingize kwa mkono kwenye tundu, krenki ikiwa kwenye ekseli, na uone thredi zinatokeza kiasi gani upande wa pili. Zikitokeza kidogo mno, ubavu bapa ni mnene. Bana pini kwenye jiliwa na upige tupa ubavu huo kwa mapigo marefu, sawasawa, bila kubadilisha mshazari wake. Jaribu tena. Kila mara ukiitoa, angalia alama: ekseli inaacha mng'ao pale inapogusa. Mng'ao ukiwa kwenye ncha moja tu, ubavu haujalala sawa. Unataka mng'ao ulioenea ubavu karibu wote. Hiyo inachukua mapigo machache, kutazama, mapigo machache tena. Nati inapaswa kukaa na thredi zote zikiwa ndani yake baada ya pini kugongwa.

Zitengeneze mbili ziwe sawa kabisa. Ukiipiga tupa ya kushoto zaidi ya ya kulia, krenki hazitakaa kwenye mstari mmoja na goti lako litajua.

Mwelekeo nao una utaratibu. Krenki ya kulia ikiwa juu na nati ya kota yake ikitazama nyuma, zungusha hadi ya kushoto iwe juu: nati yake nayo itazame nyuma. Ukiziingiza zote mbili kutoka upande mmoja kwa wakati mmoja, krenki zinapinda, moja mbele ya mwenzake.

Sasa kugonga. Simamisha kipande cha bomba la chuma sakafuni, mdomo wake ukiwa chini ya krenki, kuzunguka pale pini itakapotokea, ili pigo liende ardhini lisiende kwenye gololi. Bila kitegemeo hiki, kila pigo linachimba shimo kwenye vikombe ulivyohangaika navyo. Paka pini tone la mafuta, iingize, gonga mara tatu nne kwa uthabiti. Washa, halafu nati. Nati ni ya kuizuia pini isirudi. Usiitumie kuivuta, thredi zake hazikuumbwa kwa kazi hiyo na zitakatika.

Kutoa ya zamani ni hivyohivyo kwa kinyume: legeza nati hadi uso wake ulingane na ncha ya pini, weka bomba upande wa pili, pigo moja zito. Vipigo ishirini vidogo vinaichanua ncha kama uyoga, na ukifika hapo utaitoa kwa drili.

Shingo na usukani

Kanuni za thredi ni zilezile. Foku ya Raleigh ina bomba la inchi 1 lenye thredi 26 kwa inchi, na nati ya kawaida ya 24 haikubali. Linda nati na kikombe cha juu cha foku ya asili kama mali, hata kama kromu imechubuka. Kikombe kilichochimbika kinachofanya usukani "ushike" ukiwa umenyooka unaweza kukizungusha robo duara ndani ya shingo ili mashimo yasikutane tena. Hilo linakupa miaka.

Gololi za hapa ni ndogo, kwa kawaida za inchi 5/32. Jaza kikombe hadi zijae, kisha toa moja. Zikibanana bila nafasi zinasagana.

Usukani wa breki za vyuma una bomba la milimita 22.2. Hakikisha limezama ndani ya foku walau milimita 65, bila kujali unapenda kukaa wima kiasi gani.

Magurudumu

Tairi kwanza, kwa sababu ndiyo inayorudishwa dukani mara nyingi. "Inchi 28" haitoshi kama kipimo. Raleigh hii inavaa 28 x 1½, ambayo kwa namba za kimataifa ni 40-635, yaani ringi yenye kipenyo cha milimita 635 mahali tairi inapokalia. Kuna tairi nyingine iliyoandikwa 28 x 1⅝ x 1⅜, nayo ni 622, ileile ya baiskeli za kisasa za 700C. Tofauti ni milimita 13 na haivutiki. Baiskeli ndogo kidogo ya Raleigh, ile ya 26 x 1⅜, ni 590, wakati baiskeli ya milimani ya inchi 26 ni 559. Achana na inchi, soma namba ya mwisho ubavuni mwa tairi.

Ringi ya breki za vyuma ni ya Westwood: ina mifereji miwili ya mviringo upande wa ndani, ambako raba za breki zinagusa zikivutwa. Ringi bapa ya breki za kubana ubavuni haitafanya kazi hapa. Hesabu matundu. Mtindo wa Kiingereza ni 32 mbele na 40 nyuma, na habu zako zinadai hivyohivyo.

Kama ringi imekula kutu lakini habu ni nzima, usilifungue gurudumu lote. Tafuta ringi mpya ya aina na kina kilekile, ifunge kwa gundi ya karatasi ubavuni mwa ile ya zamani, tundu la valvu likilingana na tundu la valvu, na uone kuwa matundu ya spoku yanaelemea pande zilezile. Legeza nipeli (vinati vya spoku kwenye ringi) zote, kisha hamisha spoku moja baada ya nyingine. Mpangilio wa kusuka haupotei na huhitaji hesabu ya urefu. Ukimaliza, tia tone la mafuta kwenye kila nipeli na uanze kunyoosha, nusu mzunguko kwa mara. Spoku zenye kutu pale zinapopinda kwenye habu badilisha zote, kwa sababu moja ikikatika nyingine zinafuata.

Sasa ile ekseli. Habu ya mbele ya Raleigh ya zamani ina ekseli nyembamba ya inchi 5/16, karibu milimita 8, na midomo ya foku imekatwa kwa kipimo hicho. Habu mpya inakuja na ekseli ya milimita 9 au zaidi. Haiingii, na tupa iko mezani. Fanya hivi: toa ekseli mpya, ibane, uichonge pande mbili ziwe bapa pale tu inapoingia mdomoni, hadi ipite. Nati bado itashika kwenye thredi zilizobaki. Foku imebaki kama ilivyotoka kiwandani, na siku ukipata habu ya asili utairudisha.

Koni zinauzwa kwa jozi, lakini uliza mambo mawili: thredi, na umbo la mviringo pale gololi zinapokaa. Koni yenye mviringo mkali kuliko ya zamani inagusa gololi mahali pembamba na kuchimbika upesi. Kwa habu ya kawaida, mbele zinakaa gololi 10 za inchi 3/16 kila upande, nyuma 9 za robo inchi. Nunua zote mpya, pakiti moja, kwa kuwa bei yake ni ndogo na kuchanganya mpya na zilizolika kunazifanya mpya zibebe mzigo wote.

Mwenye habu ya gia tatu asiogope. Sturmey-Archer ilihamia Taiwan mwaka 2000 lakini vipuri vya AW bado vinatengenezwa. Mara nyingi habu "iliyokufa" inataka oili tu: nyepesi, kupitia kifuniko kidogo kwenye mwili wake, kijiko kimoja, kisha izungushe. Usitie mafuta ya kupikia, yanaganda kama gundi. Ukishafunga, weka gia ya pili na tazama kwenye kitundu cha nati ya kulia: bega la kijiti cha kuvutia, pale kijicheni kinapoanzia, lilingane na ncha ya ekseli. Kati ya gia ya pili na ya tatu kuna mahali pasipo na gia, na ukikanyaga kwa nguvu hapo mguu unatoka bure na kifua kinakutana na usukani.

Cheni na friwili

Cheni ni ya ½ x ⅛. Ile nyembamba ya baiskeli za gia nyingi haikai kwenye meno. Ipime kwa rula: kutoka katikati ya pini moja, inchi 12 kamili ziangukie katikati ya pini nyingine. Ikizidi kwa inchi 1/16 cheni imechoka. Kwa ⅛, imekula na meno ya friwili (gurudumu dogo la meno la nyuma), na cheni mpya juu ya meno yaliyokwisha itaruka. Friwili yenyewe ni rahisi, maana thredi zake ni za mfumo wa kawaida wa Kiingereza na za India na China hukaa bila shida. Acha cheni icheze kama sentimita moja na nusu katikati.

Breki za vyuma

Spea hapa ni chache: raba nne, vishikio, na vijinati vinavyobana vyuma. Tatizo ni mpangilio. Nyoosha ringi kwanza, usiguse breki kabla. Kisha legeza vibano vyote, weka raba zigonge katikati ya mfereji wa ringi pande zote mbili kwa wakati mmoja, ziwe milimita tatu kutoka ringi zikiwa zimeachiwa, na ukaze kuanzia chini kupanda juu kuelekea usukani. Raba zenye chuma nyuma zina upande uliofungwa na upande ulio wazi. Upande uliofungwa utazame kule gurudumu linakovutia raba. Ukigeuza, breki ya kwanza ya ghafla inazichomoa na kuzitupa barabarani.

Chuma chenye kromu kikilowa hakishiki vizuri, na hakuna raba inayolimaliza hilo. Siku ya mvua anza kusimama mapema.

Pedeli, kiti na vilivyobaki

Pedeli ni za inchi 9/16, ya kushoto thredi kinyume. Paka grisi, anza kwa vidole mizunguko mitatu. Ikianza mshazari inaharibu krenki, na krenki yenye korongo haiuzwi kila duka.

Bomba la kiti kwa kawaida ni milimita 25.4. Kiti cha ngozi kikiwa kimekauka, paka mafuta maalumu ya ngozi kwa kiasi, upande wa chini zaidi. Usikiloweke. Bolti ya mbele ya kukaza igeuze nusu mzunguko tu. Ngozi iliyopasuka kwenye ribiti haina dawa, na hapo kiti cha Kihindi cha springi kinafaa kabisa.

Madigadi, keria, stendi na kifuniko cha cheni funga mwisho. Tundu lisipolingana, panua la madigadi mpya. Na kama umepaka rangi, safisha rangi yote ndani ya thredi na kwenye viti vya vikombe kabla ya kufunga chochote. Mimi siku hizi sipaki rangi kama ya kiwandani imebaki hata robo tatu. Mafuta kidogo na tambara vinatosha, na mistari ya dhahabu iliyochorwa kwa mkono hairudishwi na stika.

Safari ya kwanza

Zunguka mtaani kilomita mbili tatu, tambarare, spana zikiwa mfukoni. Rudi, weka bomba chini ya krenki, gonga kota tena pigo moja moja na ukaze nati, maana lazima zitakuwa zimejikalisha. Kaza nati za magurudumu, ringi ya krenki, nati ya shingo na vibano vya breki. Sikiliza spoku: zinalia siku ya kwanza zikijipanga, kwa hiyo nyoosha ringi mara nyingine. Baada ya kilomita kama 50 rudia yote. Kota ikiendelea kulegea baada ya hapo, itoe utazame mng'ao wake, kisha uanze upya na ile ya tatu kati ya zile sita.